Mshale wa spidomita ya CG125 unaruka kati ya 20 na 70, nianzie wapi?

Sukulu125 (Tororo)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Nina Honda CG125 ya zamani, ile yenye breki ya ngoma mbele na nyuma. Ilikuwa ya marehemu baba. Alikuwa afisa wa kilimo na alizunguka nayo vijiji vya Butaleja na Tororo kwa miaka mingi. Injini iko sawa kabisa, asubuhi inawaka kwa teke moja. Kinachoninyima usingizi ni spidomita.

Nikiondoka, mshale unalala sifuri mpaka niingie gia ya tatu. Halafu unaruka ghafla hadi 60, unarudi 20, unapanda 70, na unacheza hivyo njia nzima ilhali mimi niko mwendo uleule. Nikikata kona ya kushoto na usukani ukalala sana, unaanguka sifuri. Nikinyoosha, unaruka tena. Tarakimu za kilomita zinatembea, lakini naona nazo zinapunja. Kutoka nyumbani hadi shambani na kurudi siku zote ni kilomita 24, na wiki hii imeandika 19 mara mbili.

Imeanza kama wiki tatu sasa, muda mfupi baada ya kuziba pancha ya mbele hapa mjini. Sijui kama vinahusiana, nataja tu.

Fundi mmoja ameniambia ning'oe mita nzima niweke mpya. Sitaki, kwa sababu mbili. Pikipiki hii haina geji ya mafuta. Mimi najua petroli imebaki kiasi gani kwa kuhesabu kilomita tangu nilipojaza, na oili nabadilisha kwa hesabu hiyohiyo, kama baba alivyokuwa anaandika kwenye daftari lake. Mita mpya itaanza sifuri. Ya pili, ile mita imesimama 84,316, na nyingi ya kilomita hizo ni zake. Nikiitoa nitakuwa nimeitupa kazi yake.

Nianzie wapi?

BodaBusia (Busia)

Pole kaka. Mimi nina Boxer, ilinifanyia hivyohivyo mshale kucheza. Nikaweka mita nyingine, ikakaa vizuri kidogo halafu ikaanza tena, nikaweka nyingine. Naona mita zenyewe siku hizi hazidumu. Lakini kama ya baba ni ya asili, labda utafute ya asili iliyotumika pale soko la vipuri la Kisekka ukienda Kampala.

Fundi_Malaba (Malaba)

Mdogo wangu, usinunue mita. Weka hela yako mfukoni kwanza usome hapa.

Spidomita ya pikipiki hizi ina sehemu tatu tu. Chini kwenye gurudumu la mbele, ndani ya sahani ya breki, kuna gia inayozungushwa na gurudumu. Katikati kuna waya wa ndani unaozunguka ndani ya ganda. Juu kuna mita. Watu wanaanza juu kwa sababu ndiko macho yanakoangalia. Anza chini.

Umesema tarakimu zinatembea, maana yake waya haujakatika. Umesema ukilaza usukani kushoto mshale unaanguka. Hiyo ni dalili ya waya, asilimia kubwa: ganda limekunjwa mahali, au limevutwa sana, au waya wa ndani haushiki vizuri upande mmoja. Mita haijui kama umekata kona.

Na ule mchezo wa kulala kisha kuruka, sababu yake ni hii. Waya mkavu wenye kutu unakwama ndani ya ganda. Gurudumu linaendelea kuzunguka, waya unajisokota kama kamba ya kuteka maji, halafu unaachia wote kwa mkupuo. Wakati wa kukwama mshale unaanguka, wakati wa kuachia unaruka juu kuliko mwendo wako. Unarudia hivyo kila mara.

Nijibu maswali mawili. Waya ni wa zamani au umebadilishwa? Na umepita wapi kutoka kwenye foku hadi kwenye mita?

Sukulu125

Asante sana fundi. Waya ulibadilishwa mwaka jana. Dukani hawakuwa na wa CG, wakanipa mwingine wakasema vichwa vyake vinaingia. Na kweli viliingia, ila ni mrefu, umefanya kitanzi mbele ya taa. Nimetoka kuangalia sasa hivi kwa tochi: karibu na taa ganda limekunjika, ule mpira mweusi umepasuka na ndani naona koili ya chuma.

Fundi_Malaba

Basi hapo una kosa la kwanza. Waya mrefu ukifanya kitanzi, kila ukigeuza usukani kitanzi kinabanwa. Waya wa spidomita unataka mikunjo mipana, ya polepole, kutoka chini hadi juu. Ukiweza kuutazama ukaona kona kali hata moja, hapo ndipo utakapofia.

Lakini kuna jambo jingine usilolijua. Kama kichwa cha ganda kinaingia vizuri na waya wa ndani ni mrefu kupita kiasi kwa ganda lake, unasukuma mita kutoka chini. Unakula bushi ya mita pole pole. Wengi wanasema mita haidumu kumbe wameisukumia waya.

Nesi_Sipi (Kapchorwa)

Naomba niongeze moja kabla hujapaka grisi, kaka, kwa sababu mimi lilinikuta.

Natumia Yamaha AG100 kupanda kwenda kwenye vituo vya chanjo huku mlimani. Waya ulikuwa unapiga kelele, kama ndege mdogo anayelia karibu na mita. Kijana mmoja akautoa, akaujaza grisi kutoka chini hadi juu kabisa, akaurudisha. Kelele zikaisha. Baada ya kama wiki mbili, asubuhi kukiwa na baridi, naondoka tu mshale unakwenda 80 na unakaa hapo, pikipiki iko gia ya kwanza. Jua likipanda, unashuka kidogo kidogo.

Kumbe waya unaozunguka unapandisha grisi kama parafujo. Iliingia ndani ya mita. Fundi wa Mbale aliyeifungua alinionyesha: kati ya sumaku na kile kikombe chembamba palikuwa na grisi, imevishika pamoja. Aliisafisha kwa kitambaa na petroli kidogo, kwa ustadi mkubwa sana, na tangu siku hiyo iko sawa.

Kwa hiyo grisi ipake kidogo, na sehemu ya juu ya waya, kama urefu wa kiganja cha mkono, iache bila grisi kabisa.

Mwalimu_Wanale (Mbale)

Dada Nesi amesema jambo la maana sana, naomba nieleze kwa nini, maana ukielewa kilichomo ndani hutasumbuliwa na mtu.

Ndani ya mita, waya unazungusha sumaku ndogo. Juu ya sumaku hiyo kuna kikombe cha alumini, na mshale umefungwa kwenye kikombe. Sumaku na kikombe havigusani hata kidogo. Sumaku ikizunguka inaamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo inakivuta kikombe kifuate sumaku. Kikombe kingependa kuzunguka kabisa, lakini kuna springi nyembamba kama unywele inayokishika. Sumaku ikienda kasi, mvuto unaongezeka, springi inakubali zaidi, mshale unapanda. Mjerumani Otto Schulze ndiye aliyepata hataza ya chombo hiki mwaka 1902, na CG yako bado inatumia wazo lilelile.

Sasa ona grisi inafanya nini. Inajaza ile nafasi, na sumaku inakivuta kikombe kwa grisi badala ya kwa umeme. Mshale unapanda juu na kukaa. Asubuhi grisi ni nzito, mchana ni laini. Ndiyo maana ya dada ilishuka jua lilipopanda.

Tarakimu za kilomita ni kitu kingine kabisa. Hazina sumaku. Zinazungushwa na vigia vidogo moja kwa moja kutoka kwenye waya uleule. Hapa ndipo nataka Sukulu125 asimame kidogo. Mita ikiharibika sehemu ya mshale, kilomita zinabaki sahihi. Vigia vikilika, kilomita zinasimama na mshale unabaki sahihi. Wewe mshale unacheza *na* kilomita zinapunja, 19 badala ya 24. Mita haiwezi kupunja vyote viwili kirahisi hivyo. Waya wenyewe haupati mizunguko yote unayostahili. Na waya mkavu unaokwama na kuachia haupotezi mizunguko: unaichelewesha, kisha unaitoa. Kinachopoteza mizunguko ni kitu kinachoteleza.

Kwa hiyo nadhani una makosa mawili, sio moja. Waya una shida, fundi yuko sahihi. Lakini kuna kitu kinateleza chini kwenye gurudumu, na ulisema mwenyewe ilianza baada ya pancha.

Fundi_Malaba

Mwalimu, hiyo ya kilomita 19 niliisoma nikaipita. Ni kweli. Nakubali.

Sukulu125, kabla hujafungua gurudumu fanya kipimo. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka kipande cha mbao chini ya injini gurudumu la mbele liinuke. Fungua waya kutoka kwenye mita tu, acha wa chini. Bandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye ncha ya waya wa ndani, kiwe kama bendera. Zungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, kwa upande wa kwenda mbele, uhesabu bendera.

Sukulu125

Inatakiwa izunguke mara ngapi kwa gurudumu moja?

Mwalimu_Wanale

Hili linahesabika. Mita nyingi za pikipiki za Kijapani zimepangwa waya uzunguke mara 1400 kwa kila kilomita moja. Ndiyo kusema ukiwa 60 kwa saa, yaani kilomita moja kila dakika, waya unazunguka mara 1400 kwa dakika.

Pima duara la tairi lako. Chora alama ya chaki kwenye tairi na ardhini, ukae juu ya pikipiki, mtu aisukume mpaka alama irudi chini, kisha pimeni kwa utepe. Gawa mita 1000 kwa namba hiyo, upate gurudumu linazunguka mara ngapi kwa kilomita. Kisha gawa 1400 kwa jibu hilo.

Mstaafu_Bombo (Bombo)

Kijana wangu wa Tororo, nimefuatilia. Nilikuwa kwenye karakana miaka mingi. Naongeza vitu viwili.

Kwanza, washa injini pikipiki ikiwa imesimama, toa gia, ongeza moto. Mshale ukitetemeka huku gurudumu halizunguki, hiyo ni mipira inayoshika mita imekuwa migumu kama jiwe. Pikipiki za umri huo hupata hivyo. Kama unatulia, mipira iondoe kwenye mawazo yako.

Pili, na hili ndilo lililonifanya niandike: ukiondoa gurudumu la mbele, wakati wa kurudisha tazama mguu wa foku. Kuna kishikio cha chuma kimetokeza, na sahani ya breki ina mfereji. Mfereji lazima ukae juu ya kishikio. Ukikosea, siku utakayoshika breki ya mbele kwa nguvu sahani nzima itazunguka pamoja na gurudumu, itavuta waya wa breki na kukutupa. Nimeona kijana akitolewa barabarani kwa kosa hilo. Spidomita mbovu haikuui leo, hiyo inakuua.

Sukulu125

Asante mzee, shikamoo. Nitaitazama mara mbili.

Ripoti ya jana Jumamosi. Samahani ni ndefu.

Injini ikiwaka pikipiki imesimama, mshale umetulia. Kwa hiyo mipira ni mizima.

Duara la tairi (2.75-18, mimi nimekaa juu na mdogo wangu anasukuma): mita 1 na sentimita 86. Elfu moja kugawa 1.86 ni mara 538 hivi. 1400 kugawa 538 ni 2.6. Kwa hiyo gurudumu likizunguka mara 10, bendera inatakiwa izunguke mara 26.

Nimezungusha mara 10. Bendera imezunguka mara 19. Nikarudia, ikawa 20. Na nilipoiangalia kwa karibu niliiona kwa macho yangu: gurudumu linakwenda, bendera inakwenda nalo, halafu bendera inasimama, gurudumu bado linakwenda, halafu *tk*, inashikwa tena. Mwalimu, 19 kwa 26 ni karibu sana na 19 kwa 24 niliyokuwa naiona njiani.

Kisha nikachomoa waya wa ndani. Ulitoka umevaa kutu nyekundu, mkavu kabisa. Nikaulaza juu ya kioo cha dirisha nikauviringisha kwa kiganja kama fundi wa Malaba alivyoniambia kwenye ujumbe. Sehemu nzuri inaviringika kimya. Ikifika palipokunjika, waya mzima unaruka juu ya kioo, ncha inapiga *pa, pa, pa*. Hapo hapo palipokuwa mbele ya taa.

Gurudumu nalifungua kesho.

BodaBusia

Kaka, ile *tk* umenishtua. Yangu inalia hivyohivyo nikiisukuma bila injini. Nilidhani ni beringi.

Fundi_Malaba

BodaBusia na wewe subiri hapahapa, usinunue ya tatu.

Sukulu125, ukifungua: legeza kwanza skrubu inayoshika waya kwenye sahani ya breki, toa waya, ndipo uvute ekseli. Ukitoa sahani, tazama upande wa gurudumu. Katikati, karibu na beringi, utaona bati la duara lenye masikio mawili yaliyosimama. Upande wa sahani, gia ya spidomita ina mapengo mawili. Masikio yanaingia kwenye mapengo, ndiyo yanayobeba mzunguko wote. Hakuna kingine. Masikio mawili membamba.

Mtu akirudisha gurudumu haraka bila kulingania masikio na mapengo, masikio yanapanda juu ya gia. Sahani haikai vizuri, inabaki nafasi kidogo. Fundi mwenye haraka haioni, anashika spana anakaza nati ya ekseli, nafasi inaisha. Inaisha kwa kuyaponda masikio.

Sukulu125

Fundi, ni kama ulikuwa umekaa nasi hapa uani.

Sikio moja limelala kabisa, limebandikwa kwenye bati kama kwamba halikuwahi kusimama. La pili limepinda upande, ncha yake tu ndiyo inayogusa pengo la gia, na ncha hiyo imeng'aa kwa kusuguliwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa inashika na kuachia. Grisi imechanganyika na vumbi la murram, imekuwa kama udongo wa kufinyanga. Sili ya mpira nayo imechanika ukingo, nadhani ndipo maji yalipokuwa yanaingia.

Meno ya gia yenyewe ni mazima. Nimeyahesabu na kuyatazama moja moja juani.

Swali: nisimamishe masikio kwa pulaizi niendelee?

Fundi_Malaba

Lile lililopinda unaweza kulisimamisha mara moja, polepole. Lile lililolala usiliguse, litakatika mkononi. Na hata ukibahatika likasimama, chuma kile kimeshachoka, litakatika njiani na kipande kitaingia kwenye gia. Hapo utapoteza gia pia.

Tafuta bati hilo. Linauzwa peke yake, ila kwa CG ya zamani ni rahisi zaidi kulitoa kwenye habu iliyokufa, yaani kitovu cha gurudumu. Nenda kwa wanaouza vyuma chakavu vya pikipiki, uliza gurudumu la mbele la CG lililopinda rimu. Habu itakuwa nzima. Chukua na bati lako ulilinganishe, yasije yakawa na umbali tofauti. Nunua sili mpya, na waya wenye urefu wa CG.

Nesi_Sipi

Ukipata waya mpya usiamini kwamba dukani umetoka na grisi. Wangu wa pili ulikuja mkavu. Uchomoe uangalie kabla hujaufunga.

Sukulu125

Wakuu, nimerudi. Siku nne.

Bati nimelipata Mbale, kutoka kwenye habu ya pikipiki iliyogongwa. Masikio mawili yamesimama, hayana alama. Nimesafisha kila kitu kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nikafuta, nikapaka grisi mpya kidogo kwenye gia na ukingo wa sili. Waya mpya nimeuviringisha kwenye kioo, umekwenda kimya mwanzo hadi mwisho. Nimeupaka grisi nyepesi kwa vidole viwili, kiganja kimoja cha juu nikakiacha kikavu. Nimeupitisha kwenye kishikio chake cha foku, nyuma ya taa, na nikageuza usukani kushoto na kulia mara nyingi nikiutazama. Haubanwi popote.

Kabla ya kufunga mita nilifanya moja aliyoniambia mwalimu kwa ujumbe. Nilikata kipande cha waya wa zamani wenye ncha ya mraba, nikakiingiza kwenye shimo la mita nikakizungusha kwa vidole. Kinakwenda laini, mshale unashtuka na kurudi sifuri wenyewe bila kukwama. Nikadondosha tone moja la oili ya cherehani shingoni mwa mita. Moja tu.

Wakati wa kurudisha gurudumu nilifanya hivi: niliingiza sahani kwenye ngoma kwa mkono, nikaizungusha polepole huku nasukuma, mpaka nikahisi imezama. Unahisi kabisa, inaingia kama kifuniko cha sufuria kinapopata mahali pake. Hapakubaki nafasi. Kisha mfereji juu ya kishikio cha foku, mzee, nimemwita na mdogo wangu naye atazame. Nikavuta breki, sahani haikusogea. Ndipo nikakaza ekseli.

Kipimo cha bendera: gurudumu mara 10, bendera mara 26.

Halafu nikapanda.

Mshale uliinuka kutoka sifuri nilipoachia klachi. Ulipanda nami. Gia ya pili 25, ya tatu 40, nikashika 50 na ulikaa 50. Nilifika hadi barabara ya Mbale nikiutazama zaidi ya ilivyo salama, nakiri. Nililaza usukani kwenye mzunguko pale mjini, haukuanguka.

Shambani na kurudi: 24.

Mstaafu_Bombo

Vizuri sana kijana. Baba yako angefurahi.

Mwalimu_Wanale

26! Nimemsomea mke wangu.

Bado kipimo kimoja ukitaka. Linganisha na simu. Tafuta sehemu iliyonyooka na tambarare, shika mwendo mmoja kwa muda, mwenzako aliye nyuma ndiye asome simu, sio wewe. Usipime kwenye kona wala chini ya miti mingi kama ile ya Mabira, simu inachelewa kujua mwendo.

Sukulu125

Tumefanya jana na mdogo wangu. Mita ikisema 60, simu inasema 55 au 56. Mita ikisema 40, simu 37. Inanitia wasiwasi kidogo. Au sumaku imechoka?

Mwalimu_Wanale

Hapana. Sumaku ikichoka, mita inasoma *pungufu*, maana mvuto kwenye kikombe unakuwa dhaifu. Yako inasoma zaidi kidogo, na ndivyo watengenezaji wanavyoipanga kwa makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita inakataza mita kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi. Kwa hiyo wote wanaielekeza juu kidogo, ili hata tairi likibadilika isije ikashuka chini ya ukweli. Ukiona 50 kwenye mshale na kibao cha barabarani ni 50, uko salama.

Kilomita ndizo za kuangalia. Hizo hazina sababu ya kuongezwa. Zilinganishe na simu kwa safari ndefu, kilomita 20 au zaidi.

Sukulu125

Nililinganisha pia. Simu 31.2, mita 31 na kitu, ile tarakimu ya mwisho ilikuwa katikati ya kugeuka. Asante mwalimu, nimetulia.

Kuna jambo moja linanisumbua bado. Zile wiki tatu mita ilikuwa inapunja, nimebadilisha hesabu ya oili vipi?

Fundi_Malaba

Umetembea kiasi gani kwenye mita kwa wiki hizo tatu?

Sukulu125

Kama 400.

Fundi_Malaba

Ikiwa ilikuwa inaandika 19 kwa kila 24, basi kweli ni 500 hivi. Umekosa kama 100. Andika kwenye daftari la baba, pembeni, kwamba kuanzia pale ongeza 100. Oili ijayo ibadilishe mapema kwa kiasi hicho. Namba iliyo kwenye mita iache ilivyo.

BodaBusia

Wakuu, nimefungua Boxer leo. Masikio yote mawili yamelala. Mita mbili nilizotupa zilikuwa nzima, na hela ile ilikuwa ada ya mtoto. Kila panchari ya mbele naziba palepale stegini, na hatuna mazoea ya kutazama hicho kitu, tunakaza nati tunaondoka, abiria anasubiri.

Sasa nimepata mtu wa kuchomelea, anasema anaweza kuyaongezea chuma masikio yasimame. Nimpe?

Fundi_Malaba

Usimpe. Bati ni jembamba, moto utalipinda na halitakaa sawa na beringi. Tena akichomelea likiwa kwenye habu atachoma grisi na sili. La Boxer linapatikana kila mahali, jipya, na bei yake haifiki hata ya tyubu. Nunua mawili, moja liweke chini ya kiti. Na ukishalifunga, waonyeshe wenzako wa stegi jinsi sahani inavyozama kabla ya kukaza. Wape waishike kwa mikono yao.

BodaBusia

Sawa mkuu. Kesho asubuhi kabla hatujaanza kazi. Tuko kumi na wanne.